Vidonge vya Kahawia

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimelala sakafuni, pasi ya mvuke inafoka juu ya kichwa changu, na msimamizi ananimwagia maji kama shuka iliyogoma kutakata. Wengine mmenitumia ujumbe: "Huyo ana mimba, asitufiche." Hongereni. Mlijua kabla yangu.

Kwa waliochelewa kuanza: mimi ni mpiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Tuna pacha wa kiume, na binti mdogo niliyemzaa kwa kupasuliwa baada ya kizazi kuchanika. Nilipozinduka siku ile, daktari aliniambia nisishike mimba tena, kwamba safari ijayo huenda wasiniwahi.

Tangu hapo nikawa nameza vidonge kwa siri. Sikuruka hata siku moja. Ndiyo maana nilipoanguka pale kiwandani nilisingizia joto, nikasingizia na njaa. Mimba haikunijia akilini hata kidogo.

Nilipakiwa kwenye gari la kusambazia mashuka nikapelekwa hospitali, ile ile niliyozalia. Wifi yangu akanisindikiza. Huyu ni dada wa mume wangu, tunafanya naye kazi, yeye yuko meza ya kukunja. Kiwanda kizima kinamwita Redio kwa sababu mdomo haumkai. Njiani alinisimulia harusi mbili na ugomvi mmoja, na bado hatujafika getini.

Nesi aliyetupokea alikuwa mtu mzima, mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Aliniangalia, akaivaa miwani, akaniangalia tena.

"Wewe nakujua."

"Mimi?"

"Si wewe yule uliyechanika kizazi? Mimi ndiye nilikushika mkono mpaka ukasinzia. Unaendeleaje?"

"Salama, nesi. Nimeanguka tu kazini."

Akanipima. Alipotoka nyuma ya pazia hakuwa na ule uchangamfu tena.

"Mama, una mimba."

Nilicheka. Kweli kabisa, nilicheka.

"Haiwezekani. Mimi nameza vidonge."

"Unavimeza vipi?"

"Kila siku, nesi. Saa ile ile."

"Unavyo hapo?"

Ninavyo kila mahali. Huwa navishonea kwenye pindo la aproni, maana nyumbani hakuna kona ambayo mama mkwe haifagii. Nikafumua uzi kwa kucha, nikamwekea mezani.

Nesi akakigeuza kile kipande cha pakiti. Akaigeuza aproni yangu, akitafuta vingine.

"Na vyeupe viko wapi?"

"Vyeupe wanameza wenzangu. Mimi nameza vile vikali."

"Vikali?"

Hapo Redio akadakia, kama kawaida yake.

"Nesi, ngoja mimi nikueleze."

Na alieleza vizuri mno, ninyi pia mnapaswa kuelewa, kwa sababu hapa ndipo nilipouawa na watu wanaonipenda.

Kiwandani kwetu kuna dawa mbili za kutoa madoa. Nguo ikija unaanza na dawa nyeupe. Jasho, vumbi, chai, vyote hivyo ni kazi ya nyeupe. Doa likigoma, damu iliyokauka au grisi, ndipo mwisho unaletewa dumu la dawa ya kahawia. Hiyo ni kali. Ukiimwaga ovyo inakula kitambaa na inakula vidole.

Sasa, Redio na wenzetu watatu wa meza ya kukunja walikuwa wanachukua pakiti zao kliniki kila mwezi. Mimi siwezi kwenda kule. Genge la mboga la mama mkwe linatazamana na mlango wa kliniki, na mama mkwe anahesabu wanaoingia kuliko anavyohesabu nyanya zake. Redio hapati shida, mama yake anadhani anafuata dawa za kupata mtoto.

Walipojua habari za kizazi changu walilia wote. Kisha wakakaa kikao nyuma ya mashine ya kukausha. Kila pakiti ina mistari minne, mitatu myeupe, wa mwisho kahawia. Kila mmoja akachukua mkasi, akakata mstari wake wa kahawia akanipa mimi. Kila mwezi. Redio mwenyewe ndiye aliyesema, "Sisi hata nyeupe inatosha. Wifi yangu ndiye mwenye doa gumu."

Niliwashukuru nikitoa machozi. Niliona nimependwa kuliko ninavyostahili.

Nesi alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Vyeupe ndivyo dawa. Hivi vya kahawia ni vya kuongeza damu. Mwanamke anavimeza ile wiki ya mwisho ili asisahau mazoea ya kumeza. Havizuii mimba hata ya kuku."

Redio aliketi sakafuni. Hakutafuta kiti.

"Siku uliyokuwa zamu kule kliniki ulituambia dirishani," alisema kwa sauti ndogo. "Ulisema vyeupe kwanza, vya kahawia mwisho. Foleni ilikuwa ndefu, nikaona aibu kuuliza zaidi. Na sisi kazini kali huwa inakuja mwisho."

"Nilipaswa kuwaeleza kwa nini vinakuja mwisho," nesi alisema. "Lakini hata mimi siku hizi nasema haraka haraka."

Mimi nilikuwa nawaza jambo la kijinga. Nilikuwa nawaza jinsi nilivyonawiri. Mwaka mzima watu wananisifu, mashavu yamejaa, nguvu tele, nabeba marobota ya mashuka peke yangu. Mume wangu mwenyewe aliwahi kuniambia, "Siku hizi umependeza, sijui unakula nini." Nilikuwa nakula dawa ya damu, vidonge vya watu wanne. Wao hawakushika mimba, salama salimini. Mimi niliyehitaji ndiye niliyeshika.

"Wifi," Redio alisema kutoka sakafuni, "mimi ndiye nimekuua."

"Nyamaza, bado sijafa."

"Hajafa na hatutaki afe," nesi alisema. "Jumatatu asubuhi uje umwone daktari. Atakueleza njia zilizopo, mwenyewe uchague. Lakini njia yoyote utakayochagua inataka damu iwe tayari pembeni, na damu yako ni ya wachache. Uje na mumeo. Ni yeye aliyekutolea mara ya kwanza, la sivyo tusingekuwa tunaongea hapa."

"Hajui kama nameza vidonge."

"Basi mwambie leo. Bila yeye, mama, sikufichi, ni hatari."

Akanisaidia kuvaa kiatu. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hakukusudia kulisema.

"Angekubali tu siku ile, haya yote yasingekuwepo."

"Nani angekubali?"

"Mumeo. Tumbo lilikuwa liko wazi, daktari akaomba ruhusa akufunge uzazi palepale. Tulituma mtu nje akamuulize. Jibu likarudi mlangoni kwamba mume hataki."

Niliganda. Kiatu kimoja kimevaliwa, kingine bado.

Ndugu zangu, kuna hasira za kupiga kelele, na kuna hasira zinazokausha mate mdomoni. Mimi nilikuwa nimelala nimekatwa, mtu kaulizwa kama niendelee kuwekewa kifo tumboni au kiondolewe, na mtu huyo akasema hataki. Mtu ninayempikia. Mtu ninayempigia pasi mashati wakati siku nzima nimetoka kupiga pasi nguo za watu.

Tena niliamini bila shida, kwa sababu mama mkwe alishaniambia. Niliporudi nyumbani na kidonda changu nilimwomba aniulizie kwa mwanawe kama naweza kutumia njia za kupanga uzazi. Ndivyo ilivyo nyumba ile. Mambo ya mwili hayasemwi na mume na mke uso kwa uso, hupitia kwa mama. Yeye ndiye anayebeba swali na ndiye anayerudisha jibu. Jibu aliloniletea lilikuwa fupi: "Mwanangu hataki kusikia mambo hayo. Usiyarudie." Sikuyarudia. Nikaenda kushona pindo.

"Twende nyumbani," nilimwambia Redio.

"Wifi, tulia kwanza."

"Nitatulia kaburini."

Karakana ya mume wangu iko mbele ya nyumba, kibanda cha mabati na geti la mtu limeegemezwa ukutani. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama mkwe alikuwa amefunga genge mapema, amekaa kwenye ngazi ya mlango na ungo wa mchele mapajani, anachambua mawe. Pacha na mdogo wao walikuwa kwa jirani, nashukuru.

Mume wangu alikuwa anachomelea. Nilienda nikachomoa waya ukutani. Cheche zikazima.

Akainua kinyago.

"Mama Pacha! Umechanganyikiwa?"

"Kwa nini ulikataa?"

"Nilikataa nini?"

"Daktari aliomba anifunge uzazi. Nimekatwa, nimelala, nakufa. Ukaulizwa, ukasema hutaki. Nataka kusikia kwa mdomo wako."

Niliona rangi ya uso wake inabadilika. Nilidhani ni aibu ya mtu aliyekamatwa. Akaweka chini kile kishikio cha kuchomelea, akavua glavu polepole, akaangalia kule ngazini kwa mama yake, kisha akanisogelea.

"Nani amekwambia mambo hayo?"

"Jibu swali langu."

"Mama Pacha, mimi nilikubali."

Nikamsogezea sikio.

"Nilikuwa nimelazwa chumba cha pili, sindano iko mkononi, natolewa damu yako," alisema kwa sauti ya chini. "Mama ndiye aliyeniletea swali. Nilisema wafunge. Siwezi kuinuka pale, nikamtuma arudi mlangoni akawaambie. Akarudi akaniambia tayari, wameshafunga. Nililia, Mama Pacha. Sikulia kwa ajili ya watoto. Nililia kwa sababu niliona sasa utakaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Mama alisema nisikwambie. Alisema mwanamke akijua amefungwa anajiona gogo, anakonda mpaka anakufa. Nikasema basi, nitalibeba mwenyewe."

Hapo nilimpenda mume wangu. Naliandika hili kama lilivyo, kwa sababu ya yaliyofuata. Nilimwangalia yule mwanaume na masizi yake usoni nikaona mtu aliyeficha siri kwa ajili yangu muda ule ule ambao mimi nilikuwa naficha vidonge kwa ajili ya kutomwachia watoto wasio na mama. Tulilala kitanda kimoja, kila mmoja amekalia yake.

Na bado niliona uchungu wa kitu kingine. Korido nzima ilijadili tumbo langu. Mume, mama, daktari, nesi, kila mtu alisema neno. Mwenye tumbo hakuambiwa hata baada ya kuamka. Mara hii moyo ulikuwa unampenda na unamlaumu, vyote pamoja.

Halafu nilimwona anafikiri. Paji la uso likakunjamana.

"Lakini kwa nini unaniuliza leo?"

Nilijikaza kisabuni.

"Nimetoka hospitali. Nina mimba, Baba Pacha."

Sijui nilitegemea nini. Labda nilitegemea aniulize kama nimeumia. Alirudi nyuma hatua moja, akajigonga kwenye lile geti, likalia.

"Una nini?"

"Mimba. Na nesi anasema nitakufa kama..."

"Ya nani?"

"Usiseme hivyo."

"Mwanamke aliyefungwa hashiki mimba. Mimi si msomi, lakini hilo najua. Nakuuliza, ya nani?"

"Hawakunifunga! Baba Pacha, nisikilize. Nesi yule yule aliyekuwepo amesema jibu lilifika mlangoni kwamba mume hataki. Hakuna aliyenifunga. Walisubiri ruhusa, wakaambiwa hataki!"

Nikaona hesabu inapita machoni mwake, na mimi yangu ilikuwa imeshapita. Alituma mtu mmoja tu. Mtu huyo huyo ndiye aliyerudi akasema tayari.

Tukageuka sote wawili kutazama ngazini.

Mama mkwe hakuinua kichwa. Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani.

"Mama," mume wangu alisema. "Uliwaambia nini pale mlangoni?"

"Niliwaambia ulichonituma."

"Uliwaambia wafunge?"

"Niliwaambia ulichonituma, baba. Nimekuzaa, nimekulea peke yangu, leo unanisimamisha shahidi mbele ya mkeo?"

"Kwa hiyo nesi amesema uongo?"

"Nesi na mkeo wanajuana wenyewe. Mimi nilienda, nikasema, nikarudi. Sasa kama baada ya hapo amekutana na mtu huko anakofulia nguo za watu, hilo mimi sikutumwa."

Alisema maneno yale kwa upole kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, naona asichokiona mwanawe. Alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe.

"Mama, niangalie," nilimwambia. "Mimi ndiye ninayekufa. Sema kweli tu. Sitakulaumu, naapa. Sema tu ulikataa, basi."

Aliniangalia. Niliona machozi yamemlenga, na nikaona pia kwamba hatasema. Kusema ni kumpoteza mwanawe pekee wa kiume, na alishachagua nani apotee.

"Mkwe wangu," alisema, "Mungu anakuona."

Nikachanganyikiwa. Nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nauma ulimi.

"Ningefanya umalaya kwa nini nimeze vidonge?" nilipiga kelele. "Mwaka mzima nameza vidonge ili nisishike mimba yako! Muulize dada yako!"

"Vidonge?" mume wangu alirudia. "Unameza vidonge? Ukinificha?"

"Nilidhani wewe hutaki! Mama alisema hutaki!"

"Mimi ninayejua umefungwa, nalala nawe bila wasiwasi. Wewe unajificha na vidonge. Unamkinga nani, Mama Pacha? Mimi?" Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Mtu anayemeza vidonge kwa siri anajua anakokwenda."

Kila neno la kweli nililokuwa nalo liligeuka, likaja kunipiga usoni. Nikamtafuta Redio.

Alikuwa amesimama kwenye uwazi wa mabati, mkoba wangu mkononi. Alisikia kila kitu. Yeye ndiye aliyekata mistari. Yeye ndiye aliyemsikia nesi kwa masikio yake akisema hawakunifunga. Neno lake moja lingetosha.

"Wewe," mume wangu alimwambia, "unafanya naye kazi. Mlikuwa wote hospitali. Ni kweli?"

Msomaji, Redio naye ana mume. Mume wake ni dereva wa malori, na mwaka mzima anazunguka kwa waombaji na waganga kutafuta mtoto wa kwanza. Hajui mkewe anameza nini. Redio akisema habari za vidonge vyangu, atakuwa amesema na vyake. Akisema habari za nesi, atakuwa amemtia mama yake aibu isiyofutika.

Mama mkwe aliweka ungo chini. Akamtazama binti yake.

"Sema, mwanangu," alisema. "Sema unachokijua. Lakini ujue unasema mbele ya nani."

Redio ninayemjua mimi haongojei kuulizwa. Redio ninayemjua mimi anaongea hata akiwa na pini za kanga mdomoni. Mchana ule aliangalia chini, akaanza kuusokota mkanda wa mkoba wangu.

Mume wangu alisubiri. Kisha akauchukua ule ukimya akausoma alivyotaka.

Akavaa glavu zake. Akarudisha waya ukutani.

"Baba Pacha," nilimwita. "Jumatatu wanataka damu. Damu yangu ni ya wachache, unajua. Bila yako siponi. Niite jina lolote unalotaka, nifukuze, lakini njoo Jumatatu. Watoto bado wadogo."

Alisimama kunipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

"Mara ya kwanza nilikupa yangu," alisema. "Safari hii kamwombe mwenye mimba."

Akashusha kinyago. Cheche zikaanza kuruka, na mwanga wake ukanifanya nifunge macho. Nilipoyafungua, Redio alikuwa ameuangusha mkoba chini. Alikuwa anatembea kuelekea kule ukutani. Mama yake aliinuka kwenye ngazi, akamwita kwa jina lake la utotoni, mara moja, kisha mara ya pili kwa ukali.

Redio hakugeuka. Alichomoa ule waya.

"Kaka," alisema, na mama yake akawa ameshamfikia, akamziba mdomo kwa kiganja.